Mgonjwa Haulizwi Uji

Wako watu hapa Tukuyu ambao ukiwaambia kwamba sungura wako hali, watakujibu papo hapo: "Mwache, njaa ikimwuma atakula." Nami nilikuwa miongoni mwao. Miaka yote ya ualimu wangu niliamini kwamba njaa humfunza kila mkaidi. Leo nasema jibu hilo ni la uvivu, na kwa sungura ni hukumu ya kifo.

Sungura hawezi kutapika. Utumbo wake hufanya kazi usiku na mchana, na kinachousukuma ni nyuzinyuzi za majani. Majani yakikosekana, utumbo husimama, gesi hujaa, tumbo huuma, na maumivu hayo humzuia tena kula. Akikaa siku moja bila kula, tayari yumo hatarini. Basi, anayesema "atakula akipona" amegeuza mambo juu chini. Bila kula, hatapona.

Mjukuu wangu alikuwa na sungura wawili. Wa kwanza aliacha kula mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu wetu. Nikamwambia mtoto asubiri. Siku ya tatu tulimzika chini ya mgomba. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu: "Babu, na mimi nikiumwa mtaningoja?" Mimi niliyezoea kuuliza maswali sikuwa na jibu.

Wa pili alipoanza kukonda, sikungoja. Daktari wa mifugo alimtazama kinywa akakuta jino la nyuma lina ncha inayochoma ulimi, kwa maana meno ya sungura hukua maisha yake yote. Alilisawazisha, lakini mnyama alikuwa amekwisha kuogopa chakula. Tukamtafutia mchunga, mashona nguo na majani ya viazi vitamu, mabichi na makavu ya umande, tukiyafikicha mkononi ili harufu ipande. Aliyoyakataa asubuhi tuliyaondoa, tukaleta mapya. Alipokataa yote, daktari alituelekeza kusaga majani, kuyachanganya na maji ya uvuguvugu, na kumpa kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa kinywa, akiwa amekaa wima. Akatuonya: tumbo likiwa gumu na limevimba, msimlazimishe, mleteni. Mjukuu alimpima kila asubuhi na kuandika daftarini: kilo 1.6, kisha 1.65. Baada ya wiki tano alifika kilo 2.

Sikumrudishia uzito kwa mkate wala pumba. Wanga mwingi huvuruga tumbo lililodhoofika. Wala sikumpa amoksilini iliyobaki kabatini. Dawa hiyo ikipita kinywani mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni, naye hufa. Tena hapa Rungwe, ambako parachichi limetapakaa kila shamba, mtu hukata tawi lake akidhani anamwonea huruma mnyama. Majani hayo ni sumu kwake, na ya viazi mviringo vilevile.

Wenzangu hunicheka: "Mwalimu, sungura ni kitoweo. Ungemchinja yakaisha." Sina ugomvi na anayekula sungura mzima. Lakini ng'ombe akiacha kula, watu hao hao hawalali. Huwasha taa, humwita jirani, hutafuta dawa usiku wa manane. Je, wajibu wetu hupimwa kwa bei ya mnyama? Sungura wa porini akiumwa hujitafutia jani lake. Wa kwetu tumemfungia bandani na kumnyang'anya uwezo huo. Aliyefunga mlango ndiye anayedaiwa jani.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Hupikiwa, hupozewa, hubembelezwa. Niliifundisha methali hiyo darasani miaka mingi na kuwapa wanafunzi alama waliojibu sawasawa. Mimi mwenyewe nilistahili sifuri.