Kocha wa Maisha Si Mtaalamu wa Tiba

Makala ya juma lililopita ilidai kwamba kocha wa maisha na mtaalamu wa saikolojia tiba wanafanya kazi moja, wanatofautiana cheti tu. Sikubali hata kidogo. Kocha ana kazi yake, tena ya heshima: anayetaka kubadili ajira au kupanga muda wake atafaidika naye. Lakini mtu anayeamka saa tisa usiku kila siku, chakula hakipiti, na ameanza kugawa nguo zake, hahitaji kupangiwa malengo ya mwaka. Anahitaji aliyefunzwa kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua. Dodoso la PHQ-9 linalotumika kliniki lina swali hilo, la 9 na la mwisho: je, katika wiki 2 zilizopita umewaza kufa au kujidhuru? Anayekiri hafai kuambiwa arudi wiki ijayo.

Na hicho kinachoitwa “cheti tu” ni sheria. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, ikaunda bodi ya kuwasajili na kuwawajibisha. Kocha anaweza kufungua ofisi kesho asubuhi. Mteja wake akidhurika, mwandishi wa makala ile anamshauri akashtaki wapi?