Mlima wa Ugenini, Lugha ya Nyumbani

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kuwafariji wanaoagana. Hata hivyo, ina funzo jingine kwa vijana wa vyuo vikuu vya Kenya ambao, likizo inapoingia, huchangishana fedha, wakatia nguo nzito kwenye mashanta na kushika njia ya Voi hadi Taveta, kwenda kuukwea Mlima Kilimanjaro katika nchi jirani ya Tanzania. Wengi hurudi na picha za kileleni, hesabu ya mita walizopanda na masimulizi ya baridi iliyowatesa. Ni wachache mno wanaorudi na habari za watu waliokutana nao. Mlima wameuona, lakini binadamu wamempita njiani. Isitoshe, masimulizi yenyewe, hata yanapotolewa na mwanafunzi wa Kiswahili, huwa kwa Kiingereza.

Jambo hili halipaswi kupuuzwa. Kwa Mkenya, Kilimanjaro ni mlima wa ugenini kwa mujibu wa pasipoti tu. Mwanafunzi anayeupanda huku akisema Kiingereza na viongozi wake, kisha akauandika kwa Kiingereza, hujifanya mgeni pale ambapo lugha yake ingemfanya mwenyeji.

Ugeni wenyewe una tarehe. Mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana maeneo ya Afrika Mashariki. Mstari wa mpaka uliotoka pwani kuelekea Ziwa Viktoria ulipoukaribia mlima ulipindishwa, Kilimanjaro ukabaki upande wa Wajerumani na Taveta upande wa Waingereza. Hadithi mashuhuri kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima huo kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa haina msingi. Ukweli ni kwamba wanadiplomasia walikaa Ulaya wakapatana. Wataita, Wataveta na Wachaga hawakuulizwa. Hata Ziwa Chala, lililotulia ndani ya shimo la volkeno, lilikatwa na mstari huo, maji yakawa na uraia wa nchi mbili.

Kabla ya mstari huo kulikuwa na njia. Leo barabara ya Voi hadi Taveta, yenye urefu wa takriban kilomita 110, hupitia Mwatate, Bura na Maktau, kisha hukata nyika ya Tsavo Magharibi hadi mpakani. Msafiri anayeifuata husikia Kidawida na Kisaghala upande wa milimani, Kitaveta kule mwisho, na Kiswahili kikiziunganisha lugha hizo stendini, sokoni na ndani ya matatu. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipita katika nyika hiyohiyo. Ni mojawapo ya njia zilizokifikisha Kiswahili bara kabla ya shule na kabla ya redio. Ajabu ni kwamba mwanafunzi anayetaka kuona chimbuko la lugha hupelekwa Lamu, Mombasa au Unguja, na ni vyema apelekwe huko. Lakini njia ambayo lugha ilitembea kwa miguu huachiwa wanahistoria na watalii.

Mfano mmoja watosha kuonyesha utajiri uliomo. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, akapita Taita, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Vitabu vingi humtaja yeye kuwa ndiye aliyeleta habari hiyo. Lakini msafara huo uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Rebmann alipouliza ule weupe wa juu ulikuwa nini, kiongozi wake aliuita “baridi” tu. Jina hilo lina uzito mkubwa. Mtu aliyezaliwa kwenye joto la pwani alikikabili kitu ambacho lugha ya nyumbani kwake haikukihitaji, akakiita kwa athari yake mwilini. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley alibisha kwa miaka mingi kwamba haiwezekani kuwe na theluji karibu na ikweta. Ubishi wake ulizidi kudhoofika baada ya Baron von der Decken kuupanda mlima kwa sehemu mwaka 1861 na 1862. Neno moja la Kiswahili, lililotamkwa katika nyika iliyopakana na Taita, lilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko hoja ndefu za msomi ambaye hakufika.

Miaka 41 baadaye, Hans Meyer, Mjerumani aliyekuwa amekwisha kushindwa kufika kileleni, alianzia Mombasa na kupita Taita na Taveta hadi Marangu. Tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria walisimama kwenye kilele cha Kibo, wakakipa jina la mfalme wa Ujerumani. Majina yao yamo katika kila ensaiklopidia. Wanaomjua Mwini Amani, mtu wa Pangani aliyekaa nao katika kambi ya juu zaidi ya mita 4,000, akiitunza wakati wao wakihangaika na barafu, ni wachache. Kule Marangu simulizi humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa miongoni mwa walioongoza msafara huo. Meyer aliandika kitabu. Mwini Amani hakuandikiwa chake. Je, mtu wa Pangani aliona nini peke yake usiku ule, na alikiita kwa maneno gani? Hilo ni pengo katika fasihi ya Kiswahili, wala si katika historia ya Ulaya.

Pengo hilo lilipanuka zaidi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Waingereza nao walijenga reli kutoka Voi kuelekea mpakani ili kupeleka majeshi, na tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishindwa vibaya katika kilima cha Salaita, kinachoonekana kutoka barabarani hadi leo. Vita hivyo vilibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Katika makaburi ya vita ya Voi majina ya askari yamechongwa kwenye mawe, ilhali wapagazi wengi wa vita hivyo hawana hata kaburi linalojulikana. Kiswahili ndicho kilichowahifadhi, tena kwa neno moja: jina la Kiingereza la kikosi chao lilitoholewa likawa Kariakoo, na mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi ingali inaitwa hivyo. Anayekwenda Kariakoo kununua kitambaa anatamka jina la wafu bila kujua.

Historia hii yahusu nini kijana aliyebeba shanta leo? Yahusu kwa sababu upandaji wa Kilimanjaro ungali unategemea mpagazi. Kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wake. Naye hutangulia na hema, chakula na gesi ya kupikia, akafika kambini kabla ya mwenye safari. Wapagazi wenyewe hujiita wagumu, jina ambalo lingetosha kuwa mada ya tasnifu. Mgeni aliyetoka Chicago au Berlin ana udhuru wa kutojua habari zake, kwani lugha imemzuia. Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Kenya hana udhuru huo. Kati yake na mgumu hakuna ukuta wa lugha, isipokuwa ule anaoujenga mwenyewe.

Na ukuta huo hujengwa mapema. Kiongozi, aliyezoea watalii, huanza na “Jambo!” Kikundi cha Wakenya nacho, badala ya kumwamkia kama mtu wa makamo anavyostahili kuamkiwa, humjibu kwa Kiingereza. Pengine huona haya kwamba Kiswahili chao kitachekwa na Mtanzania. Pengine hudhani Kiingereza ndicho kinachowapa hadhi ya msafiri anayelipa. Vyovyote iwavyo, kuanzia hapo safari nzima huendeshwa kwa Kiswahili cha watalii chenye maneno matatu au manne, ilhali pande zote mbili zinayo lugha kamili. Siku tano au sita hupita hivyo, na kila aliyepanda hushuka bila kujua mpagazi wake ana watoto wangapi.

Hasara yake kitaaluma ni kubwa. Kati ya lango la Marangu na kibanda cha Kibo, msafiri hupita msitu wa mvua, nyika ya vichaka na jangwa la mawe, na kila hatua ina msamiati ambao kamusi hazijauvuna wote. Watu wanaofanya kazi huko huitaje changarawe inayoporomoka chini ya kiatu? Huitofautishaje theluji mpya na barafu kongwe? Humwambia nini mtu aliyeanza kuumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko, bila kumtia hofu? Fauka ya hayo, ipo fursa ya kulinganisha lahaja na matumizi. Mkenya akisema “nyanya” akimkusudia mama wa mamaye, na mwenzake wa Moshi akafikiria kiungo cha mchuzi, kicheko kitakachofuata kitafundisha zaidi ya mhadhara mzima juu ya semantiki.

Wapo watakaopinga. Watasema kwanza kwamba kupanda milima kwa starehe ni mchezo wa Wazungu, hauna mizizi katika utamaduni wa Waswahili. Hoja hii husahau kwamba mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, ambamo Selim bin Abakari anasimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia. Zaidi ya karne moja iliyopita, Kiswahili kilikwisha kuisimulia nchi ya theluji kwa kina na kwa utani. Uhaba wa masimulizi ya safari katika Kiswahili cha leo si urithi, ni uzembe.

Watasema pili kwamba Kiingereza kina wasomaji wengi. Ni kweli. Lakini masimulizi ya Kilimanjaro kwa Kiingereza ni mengi kiasi kwamba moja likiongezeka halionekani. Kwa Kiswahili, simulizi moja nzuri ya mwanafunzi aliyetoka Voi akafika kileleni na kurudi yaweza kusomwa darasani kwa miaka mingi. Tatu, watataja gharama, na hapo wana haki. Safari ya mlima huo si rahisi kwa mtoto wa mkulima, japo raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo mno kikilinganishwa na mgeni wa mbali. Basi na waanzie nyumbani. Vuria, kilele cha Milima ya Taita, kina zaidi ya mita 2,200, na mlima wa Kasigau, kusini-mashariki mwa Voi, nao una wenyeji wanaoujua mwamba kwa mwamba. Anayeshindwa kuisikiliza Vuria hatausikia Kibo.

Yanayohitajika si makubwa. Vyama vya wanafunzi vinavyoandaa safari za kila mwaka viitambue njia ya Voi hadi Taveta kuwa uwanja halali wa utafiti. Vikundi vivuke mpaka kwa barabara katika kituo cha pamoja cha Taveta na Holili, kilichozinduliwa mwaka 2016, wakaone jinsi maofisa wa nchi mbili wanavyofanya kazi bega kwa bega na lugha ipi inayowarahisishia kazi hiyo. CHAWAKAMA, ambayo tayari huwakutanisha wanafunzi wa Kiswahili wa nchi mbalimbali za kanda hii, yaweza kuwaunganisha wa Kenya na wa Tanzania katika msafara mmoja. Kila kikundi kiwe na mwandishi wake. Wapagazi walipwe haki yao kwanza. Kisha, wakikubali, majina yao na maneno yao yaandikwe kama yalivyo, bila kupambwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha bendera na kuuwasha mwenge juu ya Kibo, na kilele kilichokuwa na jina la mfalme wa Ujerumani kikaitwa Uhuru. Tangu hapo, kila anayefika juu ya mita 5,895, awe Mjapani au Mmarekani, hulitamka neno la Kiswahili apende asipende. Itakuwa fedheha iwapo mwanafunzi wa Kiswahili atapanda hadi kwenye neno hilo akiwa amekaa kimya kwa lugha yake njia nzima, na kumwacha mgumu aliyembebea mzigo kuwa mtu asiye na jina, kama wale waliopita Taita na Taveta kabla yake.