Injini tunazijua, watu je?

Jamani, kila video ya ndege kuukuu iliyofukuliwa jangwani ni injini, injini! Mi nauliza watu. Machi 1939, Corsair, ndege ya Imperial Airways ya kutua majini, ilipotea njia ikashukia mto karibu na Faradje, Kongo. Ikatoboka. Mafundi wakaiziba palepale porini. Kujaribu kuruka, ikagonga jiwe, ikatoboka tena! Ikabidi mto ujengewe bwawa ili maji yapande, na Januari 1940 ikaruka. Sasa, rubani Alcock tunamjua kwa jina. Wakongo waliojenga lile bwawa je? Sisi hapa Kona ya Musa tunajua vibarua wanavyosahaulika jengo likiisha. Kuna mtu wa Faradje humu, babu yake alimsimulia?