Usiige bingwa: Mseto wa nyuzi utaokoa mkono wako, na mfuko pia

Simama kando ya uwanja wa tenisi wikendi jijini Nairobi, usikilize mazungumzo ya vijana wanaosubiri zamu. Viatu vitatajwa, raketi zitatajwa, kisha mjadala utafika kwenye nyuzi. Huyu anataka zile za Rafael Nadal. Yule ameona mtandaoni anazofunga Carlos Alcaraz. Fundi akiuliza, "Nikufungie gani?" jibu huwa jina la bingwa.

Kumpenda bingwa si vibaya. Tangu Angella Okutoyi atwae taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mnamo 2022 akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, kijana wa Kenya ana sababu ya kuota ndoto kubwa akiwa na raketi mkononi. Lakini wahenga walituonya kwamba ukiiga tembo utapasuka msamba. Kwenye tenisi, kinachopasuka kwanza ni kiwiko cha mkono, halafu mfuko.

Msimamo wetu ni huu: kwa vijana wengi wanaocheza mara mbili au tatu kwa wiki, poliesta tupu kwenye raketi nzima ni mzigo. Anayehitaji poliesta aichanganye na uzi laini, na achague mchanganyiko huo kwa kutazama mchezo wake, mkono wake na doo alizo nazo.

Wakenya neno mseto tunalijua vizuri. Tulikuwa na serikali ya mseto kuanzia 2008, pande mbili zisizofanana zikalazimika kukaa nyumba moja. Raketi ya mseto ni hivyo hivyo. Raketi nyingi za leo zina nyuzi 16 za wima, yaani zinazotoka upande wa mpini kwenda juu, na 19 au 20 za mlalo zinazokatiza. Ukifunga uzi wa aina moja wima na aina nyingine mlalo, umepata mseto. Na kama ilivyo kwa serikali yoyote ya namna hiyo, swali kubwa ni nani ameshika usukani. Kwenye raketi, usukani uko kwa nyuzi za wima. Ni ndefu zaidi, ndizo zinazosogea mpira unapogonga, na kwa kawaida ndizo zinazokatika kwanza. Za mlalo kazi yake ni kupunguza au kuongeza makali ya zile za wima.

Sasa wenye nyumba ni akina nani? Kuna utumbo wa wanyama, uzi wa zamani kuliko zote. Kampuni ya Babolat ya Lyon, Ufaransa, ilianza kuutengeneza kwa ajili ya tenisi mwaka wa 1875. Ni laini kwa mkono, unasukuma mpira kwa nguvu, na unashikilia mkazo wake kwa muda mrefu kuliko aina nyingine yoyote. Shida ni mbili: bei yake ni mara kadhaa ya nailoni, na hauelewani na maji.

Kuna nailoni. Ya kawaida ni ya bei nafuu na inafaa karibu kila mtu. Ipo nyingine iliyosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi nyembamba, ambayo ni laini zaidi na hujaribu kuukaribia utumbo, ila huchanika upesi.

Halafu kuna poliesta, ngumu na yenye kudumu, ambayo ilipata jina Gustavo Kuerten wa Brazil aliposhinda French Open mwaka wa 1997 akiwa na nyuzi za Luxilon. Siri yake ni utelezi. Ukiupiga mpira kwa kuusugua kutoka chini kwenda juu, nyuzi za wima husogea kando kisha zikarudi mahali pake kwa ghafla, na kule kurudi kunauzungusha mpira. Ndiyo maana wachezaji wa leo wanaweza kuupiga kwa nguvu zote na bado ukadondoka ndani ya mstari.

Lakini utamu huo una bei. Poliesta ni ngumu, kwa hiyo mtikisiko mwingi unakufikia wewe. Tena haina subira: mkazo wake hushuka haraka, na inaweza kufa kabla haijakatika. Kwa macho unaona uzi mzima, kumbe ule uhai wa kurudi mahali pake umekwisha. Mpira unaanza kwenda usikotaka, nawe unaongeza nguvu kufidia, na kiwiko kinaanza kulalamika.

Bingwa hana shida hiyo. Raketi zake hufungwa upya kila siku ya mechi, na wengi wao hushika raketi yenye nyuzi mpya kila mipira mipya inapoletwa, yaani baada ya michezo saba ya kwanza na kisha kila baada ya tisa. Wewe raketi hiyo hiyo imekaa kwenye begi tangu Februari. Mnatumia uzi wa jina moja, lakini si kitu kimoja kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: mabingwa kibao wenyewe ni watu wa mseto. Roger Federer alifunga utumbo wima na poliesta mlalo. Serena Williams vivyo hivyo. Novak Djokovic naye amejulikana kwa mpangilio huo huo. Andy Murray aligeuza, poliesta ikakaa wima na utumbo mlalo. Hawa wanaweza kupata uzi wowote duniani bila kuuliza bei, na bado waliona kwamba aina moja peke yake haiwatoshi. Ukitaka kuwaiga kwa lolote, waige kwa hilo.

Basi utachaguaje? Anza na swali moja la ukweli: je, wewe hukata nyuzi? Kama raketi yako ya nailoni inakaa miezi mitatu au minne bila kukatika, huhitaji poliesta hata kidogo, wala mseto. Funga nailoni nzima, utumie pesa iliyobaki kununua mipira. Hakuna aibu hapo. Watoto na wanaoanza wako kundi hili, na mzazi asikubali kuambiwa vingine na mtu yeyote, hata kama ni kocha.

Kama unakata nailoni kila baada ya wiki chache, na unaupiga mpira kwa kuuzungusha sana, weka poliesta wima na nailoni mlalo. Huu ndio mseto wa bei ya chini na ndio unaowafaa chipukizi wengi wenye mikono yenye nguvu. Unapata sehemu kubwa ya mzunguko na uimara, huku nailoni ikilainisha pigo. Ujue tu kwamba poliesta itachimba mifereji kwenye nailoni. Ukiona nyuzi za wima zinasogea na hazirudi, lazima uzipange kwa vidole baada ya kila pointi, muda wake umefika.

Kama mkono umeanza kuuma, au unapenda kuupiga mpira moja kwa moja na kwenda wavuni, geuza. Weka uzi laini wima, yaani nailoni ya nyuzinyuzi nyingi au utumbo ukiumudu, na poliesta mlalo. Poliesta hapo inawapa wale laini uso wa kuteleza na kuizuia raketi isirushe mpira hadi kwenye ua. Chagua poliesta ya mviringo. Ile yenye kona hukata uzi laini kama msumeno. Na maumivu yakiendelea, pumzika, umwone daktari. Hakuna uzi ambao ni dawa.

Tukija kwa mkazo, tazama kwanza fremu ya raketi yako. Kiwango kimeandikwa pale, kwa mfano paundi 50 hadi 60. Poliesta, kwa kuwa ni ngumu, hufungwa chini kidogo ya mwenzake. Tofauti ya paundi 2 hadi 4 ni mahali pazuri pa kuanzia, tuseme 54 kwa uzi laini na 51 kwa poliesta. Ukikaza zaidi unapata udhibiti lakini uwanja unakuwa kama ubao. Ukilegeza, mkono unapumua na mpira unakwenda mbali. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokusaidia.

Hapa ndipo kunakili paundi za bingwa wa Ulaya kunapokuwa noma. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka kwa kasi, na hata kanuni za shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, zina mipira maalum kwa miji iliyo juu ya mita 1,219. Ukiona mipira yako mizuri inatoka nje kwa futi moja, huenda mkono hauna kosa. Jaribu kuongeza paundi moja au mbili, uanze na uzi laini. Ukiteremka Mombasa kwa mashindano, mambo yanageuka: hewa ni nzito, mpira unachelewa, na kule kukaza kwa Nairobi kunaweza kukufanya ujione dhaifu. Tena pwani ina unyevu, adui wa utumbo wa ng'ombe. Kama unacheza karibu na bahari, nailoni ya nyuzinyuzi nyingi ni salama zaidi kwa pesa zako.

Usisahau uwanja wenyewe. Kwenye udongo, chembe ndogo hunasa kati ya nyuzi na kuzisaga kila zinaposogea, kwa hiyo uzi laini ulio wima hauishi sana. Na popote ulipo, usiiache raketi kwenye buti la gari juani. Joto hulegeza nyuzi hata kama hukucheza siku hiyo.

Sasa doo. Seti moja ya nyuzi ina takriban mita 12, na mseto hutumia nusu ya kila aina. Maana yake ni kwamba ukinunua seti moja ya poliesta na moja ya nailoni, una nyuzi za raketi mbili. Tafuta mwenzako mnayecheza naye wawili wawili, mchange, kila mmoja aondoke na raketi ya mseto. Mwambie tu msee wa kufunga apime kabla ya kukata, hasa kama raketi ina kichwa kikubwa. Kundi la marafiki wanane wanaotumia uzi mmoja wanaweza hata kununua roli la mita 200, ambalo hufunga zaidi ya raketi 15 nzima, au mara mbili ya hizo kwa mseto.

Kipimo cha zamani kinasema: mara unazocheza kwa wiki ndizo mara za kufunga upya kwa mwaka. Ukicheza mara tatu kwa wiki, funga angalau mara tatu kwa mwaka, na anayetumia poliesta asingoje ikatike ndipo ashtuke. Uzi mmoja ukikatika, kata zote. Wanaobandika kipande kipya kando ya vile vilivyochoka hawaokoi chochote.

Kwa makocha na mafundi wetu tuna neno pia. Mtoto wa miaka 11 akija na kusema anataka nyuzi za Nadal, kumpa kwa kuwa ameomba ni biashara rahisi. Kumuuliza anacheza mara ngapi, mkono wake uko vipi na raketi ya mwisho ilifungwa lini ndiyo kazi. Maswali hayo hayahitaji mashine ya bei ghali wala cheti cha ng'ambo. Kila mwenye kufunga raketi angeandika kwenye kibandiko kidogo aina ya nyuzi, paundi na tarehe, akakiweka kwenye fremu. Vijana wengi hawajui hata kilichomo ndani ya raketi zao, na mtu asiyejua alichonacho hawezi kujua cha kubadilisha.

Tenisi tayari ni mchezo ghali kwa kijana wa mtaani. Raketi, viatu, ada ya uwanja, nauli. Anayevumilia yote hayo hafai kuupoteza mchezo kwa sababu ya kiwiko kilichoharibiwa na uzi aliouchagua kwa jina. Kwa hivyo wiki hii kabla hujaingia uwanjani, itazame raketi yako. Bonyeza nyuzi kwa kiganja, zisogeze kwa kidole uone kama zinarudi, ujiulize zilifungwa lini. Ukienda kwa fundi, usimpe jina la bingwa. Mweleze unavyocheza, mara ngapi, na panapouma. Uzi sahihi utapatikana kutokana na majibu hayo.