SAUT Miaka 25: Pongezi kwa Walimu wa Kando ya Ziwa

Mwaka 1998, pale Nyegezi jijini Mwanza, taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoasisiwa mwaka 1960 chini ya Askofu Joseph Blomjous ilipanda ngazi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT). Mwaka huohuo, Septemba 2, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani wa Taba. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Kabla ya umeya, Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule.

Mwalimu anaweza kujenga au kubomoa; ndiyo maana, baada ya jubilei ya miaka 25 ya SAUT, tunawapongeza kwanza walimu. SAUT inajulikana zaidi kwa kufunza waandishi wa habari, na vyumba vyetu vya habari vina deni kubwa nayo. Lakini vyuo vishiriki ilivyovilea, Mwenge cha Moshi na Stella Maris cha Mtwara, vilibeba hasa ualimu, na hapa Kanda ya Ziwa, toka Ukerewe hadi Ngara, hukosi kumkuta mhitimu wa Malimbe, kampasi kuu ya SAUT, amesimama ubaoni mbele ya darasa lililofurika. Tunawavulia kofia.

Mwalimu ana nguvu ya kutisha. Katika shule za Rwanda kabla ya 1994, mwalimu aliwasimamisha wanafunzi kwa kabila: Wahutu wasimame, Watutsi wasimame. Wapo watoto waliolijua kabila lao siku hiyo, mbele ya wenzao. Elimu ya juu peke yake nayo si kinga. Januari 20, 1942, maofisa 15 wa Ujerumani walikutana Wannsee, Berlin, kupanga namna ya kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya. 8 kati yao walikuwa na shahada ya udaktari. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa.

Ziwa letu la Viktoria lilishuhudia mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka 1994 Mto Kagera ulibeba maiti kupitia maporomoko ya Rusumo hadi ziwani. Huko Kasensero, Lambu na Ggolo, upande wa Uganda, wamezikwa watu zaidi ya 10,000 ambao wazikaji hawakuyajua majina yao. Wavuvi ndio waliowaopoa. Na kuanzia Aprili 28, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, wakajaa kambi ya Benaco, wengi wakiwa na watoto mgongoni, na wengine wakiwa na damu mikononi.

Mwanza inajua kukumbuka wafu wake. Kila Mei 21 tunakwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996, na watoto wetu wanaijua hadithi hiyo toka nyumbani. Waliokuja na Kagera miaka miwili kabla yake hawana makaburi hapa Mwanza, kwa hiyo habari zao hazina mtu wa kuzisimulia isipokuwa mwalimu wa historia. Naye atazisimulia vizuri akiwa amefundishwa namna ya kuzisimulia: aanzie wapi, mtoto wa kidato cha kwanza aambiwe nini na wa kidato cha sita nini, na afanye nini iwapo darasani yumo mjukuu wa mkimbizi.

Hilo ndilo tunaloiomba SAUT katika safari yake mpya, kwa kuwa tunaamini inaliweza. Mahakama ya Arusha ilifunga kazi Desemba 31, 2015, lakini nyaraka zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya jiji hilo, zikiwamo za kesi ya mwalimu yule wa Taba. Wanachuo wa ualimu wapelekwe wakazisome, wakirudi waandike maandalio ya somo kwa Kiswahili. Basi la kwanza liondoke Malimbe kabla ya kundi la mwaka huu kupangiwa shule za mazoezi.