Mficha uchi hazai

Leo tunagusia jambo ambalo wengi huona haya kulitamka hata mbele ya daktari: maradhi ya njia ya haja kubwa.

Tuchukulie dereva wa lori aliye katika foleni ya Malaba. Mgongo umemsumbua mwezi mzima, hata akaenda kupigwa picha ya skani. Majibu yanasema mgongo si mbaya, ila ukuta wa utumbo karibu na njia ya haja umeonekana mnene. Papo hapo anawaza saratani. Rafiki yake wa Busia anamwambia anunue mizizi sokoni achemshe. Afanye nini?

Kwanza, asijitibu. Skani huonyesha umbo. Mara nyingi haiwezi kutaja ugonjwa. Unene huo waweza kuwa bawasiri, au utumbo uliokuwa umebana tu wakati wa kupigwa picha. Waweza pia kuwa saratani. Ndiyo maana daktari hupima kwa kidole kilichovaa glavu, akatazama ndani kwa kifaa, na ikibidi akatoa kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kipimo cha kidole hakimalizi hata dakika mbili.

Bawasiri isiyokusumbua haihitaji kisu. Kunywa maji, kula mboga na matunda, usijikamue chooni, na katika safari ndefu shuka unyooshe miguu. Ikivuja damu mara kwa mara, daktari aweza kuifunga kwa kijipira ikanyauka na kudondoka. Lakini jipu la mahali hapo lataka kupasuliwa upesi, na tundu linalotoa usaha, yaani fistula, kwa kawaida huhitaji upasuaji.

Hatari kubwa ni kujiambia, "Ni bawasiri tu." Damu chooni, choo kilichobadilika, au kukonda bila sababu, usivingoje.

Kwenu madereva mnaolala leo Kenya na kesho Uganda: beba picha na ripoti yako ndani ya gari, kwani daktari wa ng'ambo ya mpaka hajui aliyoyaona mwenzake. Wakazi wa Busia wanayo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, anzieni hapo.

Daktari ameona mengi, ndugu yangu. Haya yako hayatamshangaza, ila kimya chako chaweza kukuua.