Kipimo cha ngozi si ramli

MTU anayewashwa mwili usiku na mchana kwa miezi mingi huwa na swali moja kwa daktari: "Nitapona lini?" Swali hilo ni la haki. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na wagonjwa wengi wako tayari kulipia kipimo chochote wakitumaini kwamba ngozi yao itatoa jibu.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni urtikaria, yaani mabaka ya kuwasha yanayofura ghafla, yakatoweka kabla ya saa 24 kupita, kisha yakazuka kwingine. Ukiendelea kwa wiki 6 au zaidi, madaktari huuita sugu.

Yafaa ieleweke kuwa vipimo vya ngozi ni vya namna nyingi. Kile kinachojulikana zaidi ni cha kutonesha mkononi matone yenye asili ya vyakula, vumbi au manyoya ya paka, kisha ngozi ikadungwa kidogo. Hicho humfaa anayefura midomo mara tu anapokula samaki au njugu. Kwa urtikaria sugu hakisaidii sana, kwa sababu ni nadra chakula kuwa ndicho chanzo. Hata hivyo, kuna wazazi wanaowanyima watoto mayai, maziwa na maharagwe kwa sababu ya kijibaka kilichotokea mkononi. Mtoto huendelea kuwashwa, na sasa anakosa lishe pia.

Kipimo cha pili kilielezwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1986. Mgonjwa hutolewa damu, ikaachwa igande, na maji yake yakatengwa. Kiasi kidogo cha maji hayo hudungwa ndani ya ngozi ya mgonjwa yuyo huyo, kando ya maji ya chumvi na histamini kwa kulinganisha. Baada ya dakika 30, uvimbe ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 1.5 au zaidi, kipimo huhesabiwa kuwa kimeshika. Mwaka 1993 watafiti wa London walionyesha sababu mojawapo: katika baadhi ya wagonjwa, kinga ya mwili huzichokoza chembe za ngozi zinazohifadhi histamini. Kwa maneno mengine, mwili unajishambulia wenyewe.

Je, kipimo hiki kinaweza kutabiri ugonjwa utadumu muda gani? Baadhi ya uchunguzi uliona kwamba ambao kimeshika huugua vikali na kwa muda mrefu zaidi. Uchunguzi mwingine haukuona tofauti. Tena, hata watu wazima wa afya huweza kufura. Kwa maoni yangu, daktari anayemwambia mgonjwa kwamba atateseka miaka mitano kwa sababu ya uvimbe wa milimita mbili anapiga ramli. Kadhalika, ambaye kipimo hakikushika asihakikishiwe kuwa atapona upesi.

Isitoshe, ni lazima kazi hiyo ifanywe kwa usafi na uangalifu mkubwa. Chupa zikichanganywa, mtu atadungwa damu ya mwenziwe, na hatari ya ukimwi na homa ya ini twaijua sote.

Lililo muhimu zaidi ni matibabu. Dawa mpya za kuzuia histamini, kama setirizini na loratadini, zinywewe kila siku bila kungoja mwasho, na daktari anaweza kuongeza kipimo chake hadi mara nne. Piriton huleta usingizi, jambo la hatari kwa dereva. Aspirini na ibuprofeni huweza kuuchochea ugonjwa. Anayefura ulimi au kushindwa kupumua akimbizwe hospitalini mara moja.

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi hatimaye hupona, ingawa wengine hungoja miaka. Hakuna awezaye kuitaja tarehe.

Hivyo basi, kabla ya kulipia kipimo, muulize daktari: "Jibu lake litabadilisha nini katika matibabu yangu?" Akiwa na sababu, nyoosha mkono. Asipokuwa nayo, pesa hizo zinunulie dawa.